Usiku Instagram ilipozima na mimi nina madera ya watu

Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa Jumatatu, na kwa sisi tunaouza mtandaoni Jumatatu jioni si muda wa kuchezea, watu wametoka kazini wako kwenye daladala foleni haisogei wanaperuzi simu, hapo ndo oda zinaingia. Kipindi hicho nilikuwa nauza madera. Nachukua Kariakoo kwa bei ya jumla, napiga picha sebuleni kwa dada Tabata, napost Instagram basi. Jumapili yake nilikuwa nimeshusha bei mpaka 18,000 kwa hiyo inboksi ilijaa, na mizigo ya mikoani ilitakiwa ifike stendi ya Mbezi alfajiri kabla mabasi hayajatoka.

Kwenye saa moja kasoro hivi Instagram ikagoma. Nikajua bando limeisha, nikanunua lingine (na mwaka ule bei za bando zilikuwa zimeshatupigisha kelele tangu Aprili), wapi. Nikazima simu nikawasha. Dada naye WhatsApp yake haiendi, jirani Facebook hamna kitu. Baadaye ndo tukaja kusikia ni dunia nzima, Facebook, wenye hizo app zote tatu, walieleza kuwa walikuwa kwenye matengenezo, amri moja waliyoitoa ikakata bila kukusudia mawasiliano ya vituo vyao vyote vya data, hadi mafundi wao wenyewe wakapata tabu kuingia kwenye majengo kwenda kurekebisha. Mi hiyo saa nilikuwa siwazi mambo ya Marekani, nawaza rundo la madera pale chini na markapeni mkononi.

Maana ofisi ya basi haitaki stori, inataka jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe juu ya mzigo. Walioagizia WhatsApp hawakunipa shida, zile meseji za zamani zinabaki kwenye simu hata mtandao ukifa na namba ya mtu unaiona. Shida ni wale wa Instagram. Nani anataka kijani, nani anataka zambarau, nani yuko Singida nani yuko Kahama, vyote viko inboksi na inboksi haifunguki, inazunguka tu.

Dada ndo akasema, kwani hao watu hawajalipa? Si wamelipa kwa M-Pesa, haya fungua meseji za M-Pesa.

Nikafungua. Pale kuna jina, kuna namba, kuna kiasi. Na kiasi chenyewe kinaongea, 23,000 ni dera moja na nauli ya mzigo, 41,000 ni mawili. Kazi ikawa kwenye majina, maana mtu Instagram unamjua kwa jina la ua na tarakimu kibao, huku kwenye M-Pesa anakuja na majina yake ya kitambulisho, ya baba na babu yake, huwezi kujua ni yule aliyekuwa anauliza kama dera linapauka. Na meseji zenyewe zilikuwa chache kuliko nilivyozoea, sababu ya tozo. Zile tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilianza Julai, Septemba zikapunguzwa asilimia 30 lakini watu walishakasirika, kila mtu anakwambia nitakupa keshi mkononi, sasa mtu wa Kahama atanipaje keshi mkononi?

Basi nikaweka vocha nikaanza kupiga simu mmoja mmoja. Wengi walikuwa mama watu wazima, nawaamkia shikamoo naitikiwa marahaba mwanangu, afu anaanza kunishukuru eti biashara nyingine za mtandaoni ukishalipa hupigiwi. Hapo ndo kitu kikanigonga kichwani. Wale waliokuwa wanajaza komenti za moto na mioyo, karibu wote hawamo kwenye meseji za M-Pesa. Waliolipa ni watu ambao hawajawahi hata kulaiki. Mimi muda wote nilikuwa nachagua madera kwa kuangalia picha gani imepata laiki nyingi, yaani nawanunulia mzigo watu wasionunua.

Afu nikafika kwenye 41,000 ya Singida. Ikapokelewa na sauti ya kiume.

"Habari za jioni kaka, naitwa dada wa madera, napiga kuhusu mzigo wa kesho."

"Mzigo gani?"

"Yale madera mawili yaliyolipiwa kwa namba hii."

Kimya. Afu nikasikia anaita ndani, "Mama Junia! Njoo, ile gesi uliyoniomba hela inakupigia simu."

Nilitamani laini ikate. Mwanamke akaja, anaongea taratibu kama yuko msibani, akanitajia rangi, akanipa namba yake mwenyewe, akasema dada yangu namba hii isahau kabisa. Nyuma namsikia mume anacheka, kwa hiyo nikalala na amani kidogo.

Mtandao ulirudi usiku mnene saa saba imeshapita, nikakuta meseji za "mbona umeniblok" na "tapeli wewe" kutoka kwa watu ambao hata kulipa hawajalipa. Sikuwajibu. Mizigo ilikuwa imeshafungwa na boda alikuja saa kumi usiku akaipeleka Mbezi.

Kesho yake nilinunua kaunta buku. Kila oda naandika jina la Instagram, jina la M-Pesa, rangi, mkoa, namba ya simu, na sehemu moja pembeni ambayo wenzangu wakiiona wanacheka, nani anapokea simu. Kabla sijapiga naangalia pale kwanza. Wapo wanaogoma kunipa namba, eti ya nini wakati tunachati hapahapa, hao mzigo wao haufungwi mpaka waniandikie namba, na wengi wanaishia kuandika. Madera nayo siku hizi nachagua kwa kufunua daftari naona rangi gani imelipiwa, zambarau inaongoza na picha zake hazijawahi kupata laiki za maana.

Mama Junia bado ananunua kwangu. Ila hela anaipitisha kwa wakala.