Koili ya Silinda ya Tatu

Gereji ya kwanza walinipa orodha ya spea kabla hata plagi moja haijafunguliwa. Oksijeni sensa, pampu ya mafuta, kusafisha nozeli, na chini kabisa wameandika INJINI wakaweka alama ya kuuliza. Bila hiyo injini, jumla ilikuwa Sh 680,000.

"Dada yangu, tuanze na hivi," akaniambia kijana aliyeandika. "Vikigoma ndiyo tunashusha injini, tunakutafutia ya mtumba."

Ilikuwa masika ya 2019. Daraja la juu la Ubungo lilikuwa linajengwa, na kupita pale asubuhi ilikuwa shughuli. Gari langu, Toyota IST, ndiyo ilikuwa biashara yenyewe: natoka Kimara alfajiri na ndoo za maandazi, chapati na sambusa, nazisambaza maofisini Posta na Upanga watu wakiwa hawajanywa chai. Siku hiyo nikiwa kwenye foleni ya Ubungo gari likaanza kutetemeka mpaka usukani. Taa ya injini inawaka na kuzima. Nikikanyaga mafuta halivuti, na ndani kumejaa harufu ya petroli mbichi. Nikasimamisha kirikuu, nikahamishia ndoo zangu, nikampigia simu mdogo wangu akazipokee Posta. Gari wapita njia wakanisaidia kulisukuma mpaka gereji iliyokuwa karibu.

Pale walichomeka mashine chini ya usukani, ikasoma P0171. Kijana akanieleza vizuri tu: injini inapata hewa nyingi, petroli kidogo. Kwa hiyo ama sensa inadanganya, ama pampu imechoka, ama nozeli zimeziba. Nikamuuliza, kati ya hivyo vitatu kibovu ni kipi?

"Tutajua tukishabadilisha."

Jibu hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma nikilisikia kwa mtu mwingine. Mwenye gari anunue sensa, isipokuwa yenyewe anunue pampu, na sensa haina pa kurudi, kwa sababu vitu vya umeme vikishafungwa wauzaji hawavipokei tena. Fundi anabahatisha, mteja analipia. Jiji hili lina watu wengi wenye IST na Vitz na Spacio zinazowalisha, na nimeona wangapi wakiuza gari kwa bei ya kutupa baada ya orodha kama ile! Mimi Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa na marejesho ya kikoba. Nikalipa pesa ya mashine, nikaomba gari langu.

Shemeji ndiye aliyesema kuna mzee Tabata, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, hana hata kibao. Akaja na Noah yake jioni, tukafunga kamba, tukalivuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Lilianzaje?"

Hakufungua boneti. Alivuta stuli, akauliza. Linatetemeka likiwa baridi au likishapata moto? Injini imeoshwa kwa maji ya presha siku za karibuni? Oili inapungua? Nikamwambia oili inapungua kidogo kidogo, na nikikaa kwenye foleni nasikia harufu ya kitu kinaungua. Akatikisa kichwa, akamwita kijana wake alete taa.

"Kutafuta ugonjwa ni elfu kumi na tano. Nisipouona, hunidai na mimi sikudai."

Injini yangu ni 1NZ, ina silinda nne na kila silinda ina koili yake, inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche, imekaa juu ya plagi. Mzee aliwasha gari, akaliacha kwenye sailensa, bila kukanyaga mafuta, likitetemeka. Akachomoa soketi ya koili ya kwanza: injini ikashuka, ikataka kuzima. Akairudisha. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu akachomoa, na hakikubadilika kitu. Mtetemo uleule, mlio uleule. Akaniangalia.

"Umesikia?"

Nilisikia. Silinda ya tatu ilikuwa haifanyi kazi kabisa, kwa hiyo kuikatia umeme hakukuipunguzia injini chochote. Akachomoa ya nne kuhakikisha, injini ikashuka.

Sasa swali likawa ni koili, plagi, au ndani kwenyewe. Akazima, akafungua koili ya tatu akaihamishia ya kwanza, na ya kwanza akaiweka ya tatu. Akawasha tena. Safari hii silinda ya tatu ikawa nzima na ya kwanza ndiyo imekufa. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili. Hajanunua hata skrubu, na tayari nilikuwa najua kibovu ni kipi. Nilijisikia kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali akaambiwa ni malaria, si lile alilokuwa analiogopa.

Ila mzee hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipompenda kabisa. Alitaka kujua koili imekufa kwa nini. Akaipindua akanionyesha mpira wake wa chini: umevimba, laini, unateleza kwa oili. Akamulika taa kwenye shimo la plagi ya tatu, chini kunang'aa. Gasketi ya tapeti kava, lile funiko la juu ya injini, ilikuwa imekauka, oili inashuka kwenye mashimo ya plagi, mpira unalegea, na cheche badala ya kwenda kwenye plagi zinakimbilia kwenye chuma. Hata ile harufu ya kuungua ikapata maelezo: oili iliyovuja kwa nje ilikuwa inadondokea kwenye ekzosi.

Nikamwonyesha orodha ya gereji. Aliisoma polepole. Akasema silinda isipochoma inatoa hewa yake kama ilivyoingia, na sensa ya kwenye ekzosi ikiiona hewa hiyo inaripoti petroli haitoshi. Sensa ilikuwa inasema kweli, kosa ni la aliyeisikiliza. Na kwa sababu niliogopa lile neno INJINI, akafungua plagi zote akapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Silinda zote nne zilivuka psi 180, zikipishana kidogo sana.

"Injini yako hii ni nzima, binti yangu. Ila usiliendeshe linamisi, silinda moja haichomi. Ile petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, utayaua."

Kesho yake nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, na koili mbovu mkononi. Mzee alikuwa amenionyesha namba iliyoandikwa juu yake, 90919-02240, na pini nne za soketi, akaniambia nisirudi na kitu kisicho na namba hiyo. Duka la kwanza walinipa mpya kabisa kwa Sh 25,000, inang'aa, haina namba yoyote. Nikairudisha. Maduka mengine walikuwa nayo ya mtumba ya Japani, lakini nikiuliza isipofanya kazi itakuwaje, wananijibu cha umeme hakirudi. Nilizunguka mpaka jua likawa kali. Hatimaye mama mmoja akakubali kuandika kwenye risiti kwamba nikirudi kabla ya jioni ananibadilishia. Nikamlipa Sh 40,000 kwa moyo mweupe. Gasketi Sh 20,000, plagi nne Sh 24,000, silikoni Sh 6,000.

Niliporudi nikamuuliza mzee kama si afadhali tubadilishe koili zote nne.

"Hizo tatu zimekukosea nini?"

Alinyonya oili kwenye mashimo kwa kitambaa, akafuta mpaka pakakauka. Silikoni akaiweka kwenye kona mbili tu, pale kava la cheni linapokutana na hedi. Bolti akazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, kuanzia katikati. Alipowasha, gari lilitulia hata nikadhani limezima. Tukaenda nalo Tabata Relini tukarudi, yeye akiwa kimya, sikio kwenye injini.

Ufundi ukawa Sh 30,000, na ile elfu kumi na tano ya kupima ikiwa humohumo. Jumla yangu yote na spea Sh 120,000. Nilimwongezea Sh 10,000. Akampa yule kijana wake. Akaniambia nirudi wiki inayofuata aangalie kama gasketi imeshika. Nilirudi na chapati, akafungua koili zote nne moja moja akakagua, mashimo yalikuwa makavu. Shemeji alikuwa nyuma yangu na Noah yake, naye ana orodha mkononi.