Kibandiko cha kitabu: mstari wa penseli umekubali kuchapika

Chapa ya kwanza inayostahili kuonwa ya kibandiko hiki, yaani kikaratasi cha kumtambulisha mwenye kitabu kinachobandikwa ndani ya jalada, imetoka leo, nami naandika haya wino ukiwa bado mbichi. Mchoro wenyewe ni wa penseli, kazi ya rafiki yangu aliyesomea sanaa Makerere, nao unamwonyesha korongo taji kwa mistari michache mno: tao moja linashuka kutoka kisogoni hadi mkiani bila kukatika, mguu mmoja umekunjwa kama kwenye bendera yetu ya Uganda, na taji limebaki vistari vilivyonyooka. Hana jicho wala unyoya, na wala hapungukiwi.

Uzuri wote umo katika lile tao. Penseli ya 4B, iliyo laini na nyeusi, imeanza kwa kuigusa karatasi tu, ikakolea shingoni mkono ulipoelemea, kisha ikafifia mkiani hadi chembe za karatasi zinaonekana. Hapo ndipo lino, ile linoleamu ninayoichonga ili kuchapia, iliponitesa, kwa maana lino haijui kijivu: palipobaki juu hupokea wino, palipochongwa hubaki peupe. Kila nilipouacha mstari usimame na kuchonga pande zake mbili, tao lilitoka limekakamaa kama waya wa uzio, na mkiani, palipo pembamba, lilimeguka.

Dawa imekuwa kugeuza nyeusi na nyeupe: kuuchonga mstari wenyewe ili utoke mweupe katikati ya wino. Patasi ya V, yenye ncha ya umbo la herufi hiyo, ukiikandamiza huzama na kuupanua mfereji, ukiilegeza mfereji hunywea, kwa hiyo uzito wa mkono unarudi ndani ya mstari, safari hii kwa upana badala ya ukolevu. Thomas Bewick, mchonga mbao wa Uingereza aliyefariki mwaka 1828, alijenga umahiri wake juu ya mstari mweupe wa namna hii. Seti za patasi za bei rahisi sizipendekezi kwa yeyote. Afadhali moja ya chuma kizuri, inayonolewa kila mara, na lino iliyoanikwa juani kidogo ili ilainike.

Rangi ya pili, ile nyekundu ya kidevuni, nilikuwa nimeipangia bamba lake, lakini nimeiweka kando tangu nilipopata kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba kilichoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008. Nyuzi zake hunywa wino kwa pupa, na unene wake huenda ukalisumbua jalada, ila rangi yake ya udongo inamfaa korongo huyu wa mstari mweupe kuliko karatasi yoyote niliyo nayo. Nitaanza na wino mzito, usiozimuliwa.