Shomoro hana kabati

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii ada ya watoto imenikaba kwelikweli, nalala naamka napiga hesabu, na kadiri ninavyohesabu ndivyo mkono unavyozidi kufumba, hata mtu akiomba kitu kidogo naona ananipunguzia. Ndo nikarudi Mathayo 6, na safari hii wamenishika viumbe wawili, nondo anayeharibu hazina tulizojiwekea duniani, mstari wa 19, na ndege wasiopanda wala kuvuna lakini Mungu anawalisha, mstari wa 26. Mahubiri ni yaleyale, ila sisi tunamkimbilia ndege tu kwa sababu anatufariji.

Shomoro tunamjua, mchana kutwa anahangaika, yeye anakula nafaka lakini makinda yake anayatafutia viwavi na wadudu laini, kwa hiyo asije mtu akasema kumtegemea Mungu ni kukaa tu. Anachopata leo analisha leo. Na Luka 12 inasema watano waliuzwa senti mbili, wala hakuna hata mmoja anayesahauliwa.

Sasa nondo. Yule mdogo unayemwona anaruka chumbani siye anayekula nguo, akishakuwa na mabawa hali kitu kabisa, anayekula ni kiwavi wake, na anachotaka ni sufu, giza na mahali pasipoguswa. Koti linalovaliwa, likakung'utwa, likaanikwa juani, hilo halimfai. Anakula tulichokificha!

Wapendwa naomba niseme wazi. Baridi ya Julai hapa Arusha mnaijua, pita soko la Kilombero alfajiri uone mama anashusha mboga kajifunga kanga tu, vijana wa boda wanatetemeka, halafu sisi makabatini tuna masweta na makoti ya sufu ambayo hatujayavaa tangu sijui msiba wa nani, jamani tunamtunzia nani? Yakobo 5 anawaambia matajiri mavazi yenu yameliwa na nondo, na mimi ninayelia ada najikuta humo humo, maana kufumba mkono hakuhitaji uwe tajiri. Yohana Mbatizaji alisema mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, hakusema asubiri kwanza mambo yakae sawa.

Ada bado sijaipata, naombeni mniombee. Ila makoti nayaleta kanisani Jumapili hii, na wewe leta lako, lifue kwanza, Jumatatu alfajiri twende wote Kilombero.