Jina la kikundi chetu

Wapenzi wa muziki wetu, wengi mmeniuliza kwa nini tangazo la onyesho la Nungwi lilibeba jina la kikundi chetu ilhali jukwaani walikuwa watu wengine. Mwenzetu wa zamani amelichukua jina tulilolijenga kwa miaka mingi, tukipiga taarab na kidumbaki kwenye harusi za Ng'ambo, mjini Unguja, na hoteli za pwani, na sasa anaombea kazi kwalo. Inaniuma sana, kwa sababu mwanamuziki anayejitegemea hana mtaji mkubwa kuliko jina. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kikongwe cha taarab cha Unguja, wanatambulika kwa jina lao tangu 1905!

Hakimiliki, ambayo hapa Zanzibar inasimamiwa na COSOZA, ofisi ya hakimiliki, hulinda nyimbo na rekodi, si jina. Jina la kikundi hulindwa kama alama ya biashara, kwa kusajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Tena usajili huo hauvuki bahari, kwani Tanzania Bara ina msajili wake, BRELA, hivyo sisi tunaotumbuiza Unguja na Dar es Salaam tunalazimika kulipia pande zote mbili. Maombi yetu tumeshayapeleka. Kwa sasa, wenye shughuli, tafadhalini tupigieni sisi wenyewe kabla ya kutoa malipo ya awali.