Hita ya Hilux na baridi ya Manyovu

Anayeijua Kigoma kwa Ujiji na Mwanga tu atashangaa nikisema nimehangaika miezi miwili na hita ya gari. Huku chini ziwani, kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hata Julai mtu unalala dirisha wazi. Ila riziki yangu iko milimani. Mara mbili kwa wiki napakia dagaa na migebuka mikavu, naondoka saa 10 alfajiri, nikifika Mwandiga nashika barabara ya Manyovu, kilomita kama 60 hadi mpakani na Burundi. Njia inapanda hadi kwenye vilima vinavyopita mita 1,500. Juni na Julai ukungu unalala mabondeni mpaka jua lichomoze, na baridi ya kule inaingia hadi kwenye vifundo vya vidole.

Gari ni Hilux ya mwaka 1996, dizeli, injini ya aina ya 3L, nimeachiwa na marehemu baba. Haina AC. Kwa hiyo kioo cha mbele kikiingia ukungu, tegemeo ni hita peke yake.

Siku moja mwezi wa 6 nilimpakia mama mdogo na binti yake. Tulikuwa watatu mbele, vioo vimefungwa. Tulipoanza kupanda, pumzi zetu zikaganda kwenye kioo. Hita nilikuwa nimeifungulia hadi mwisho, lakini ilikuwa inapuliza hewa ya uvuguvugu tu, kama maji ya kuoga yaliyosahauliwa kwenye ndoo. Nikawa naendesha kwa mkono mmoja, mwingine nafuta kioo kwa kanga. Kwenye kona moja akatokea kijana anasukuma baiskeli iliyosheheni ndizi. Nilimwona akiwa mita chache sana mbele yangu. Nilifunga breki, gari likasimama, yeye akapita salama. Mimi nilibaki pale pembeni nikitetemeka. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, usipande tena huku na gari hili mpaka fundi aliangalie."

Fundi wa kwanza niliyempelekea hapa mjini aliwasha feni, akasikiliza, akasema, "Dada, feni imechoka." Tukabadilisha. Upepo ukawa mkali kweli, lakini baridi ileile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upepo na joto ni vitu viwili, na hita haitengenezi joto lake yenyewe. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo. Maji ya moto ya injini yanaingia humo kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, feni inapuliza hewa katikati ya vijibati vyake. Maji yasipofika humo, au yakifika hayana moto, unaweza kufunga feni ya ukubwa wowote usipate kitu.

Nikaenda Ujiji kwa mzee aliyekuwa akimtengenezea baba. Hakufungua chochote. Alinituma nikaliendeshe nusu saa, niliporudi akainua boneti, akanionyesha ile mipira miwili inayopita kwenye bati la kati ya injini na sisi.

"Shika huu. Haya, shika na huu."

Yote miwili ilikuwa ya uvuguvugu, naishika bila shida.

"Mwanangu, injini yako haina joto la kukupa. Hebu niambie, mshale wa joto huwa unafika wapi?"

Nikamwambia unapanda kidogo, na nikiteremka kutoka Manyovu unarudi karibu na C, upande wa baridi. Kumbe nilikuwa nauona kila wiki na kufurahi kwamba gari halichemshi.

Alinifafanulia nami naweka hapa kwa sababu imenisaidia sana. Mipira yote miwili ikiwa ya moto na hewa bado ni baridi, tafuta kwenye kile kibao cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na baridi, au waya wake. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au koki ya hita imefungwa. Yote ikiwa vuguvugu, angalia kwanza kama maji yamepungua, halafu nenda kwenye themostati, kile kilango kidogo kinachofunguka na kufunga maji ya injini kwa joto.

Maji yalikuwepo. Injini ilipopoa akafungua nyumba ya themostati, na ndani hamkuwa na kitu. Gasketi tu. Kuna mtu aliitoa, labda zamani za baba, hatujui ni nani.

Jambo hili linaniuma, maana ni kawaida kwetu. Gari likichemsha, la kwanza ni "toa themostati, nchi yetu ya joto, ya nini?" Naielewa sababu: ikikwama imefunga, inaweza kuua silinda hedi, kile kichwa cha injini, na spea feki zimejaa. Lakini kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie rejeta kubwa mpaka injini ifikie joto lake. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, dizeli haiungui vizuri, na vyuma vinalika upesi kuliko inavyopaswa. Na kama gari lilikuwa linachemsha kwa sababu rejeta imeziba, rejeta bado imeziba. Umelificha gonjwa tu.

Nilinunua mbili, maana mzee alisisitiza tuzijaribu kabla ya kufunga. Zote zimegongwa namba 82, yaani zinaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Tulizining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, zisiguse chini. Kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo themostati nzima lazima ifunguke kabla maji hayajatokota. Moja ilifunguka taratibu, tukaiona. Ya pili maji yalitokota mpaka yakamwagika haikutikisika. Fikiria ningefunga hiyo. Nikairudisha dukani siku hiyohiyo. Ile nzima ikafungwa, kile kitundu chenye kipini kidogo kikiwa juu ili hewa ipite.

Nikaendesha tena. Mshale ukafika karibu na nusu na kutulia, na mpira mmoja sasa ulikuwa haushikiki mkononi. Wa pili bado vuguvugu. Rejeta ndogo nayo imeziba! Hapa lawama ni yangu, kwani miaka yote nimekuwa naongeza maji ya bomba badala ya kulanti, dawa ya rejeta inayozuia kutu. Mzee alichomoa mipira yote miwili, akaingiza maji kwa kule yanakotokea, kwa nguvu ndogo, maana rejeta ya miaka mingi ukiisukuma sana inapasuka na ndipo utakapobomoa dashibodi yote. Yalitoka maji mekundu ya kutu kama chai ya rangi, na magamba. Ilichukua zaidi ya saa moja kuwa meupe. Wakati huo akaona pia kwamba waya wa koki ya hita umelegea kwenye klipu yake: mimi navuta hadi mwisho, koki inafunguka nusu. Hilo lilikuwa la dakika 5.

Tulijaza kulanti nusu kwa nusu na maji safi, tukalipandisha gari pua juu kwenye mteremko, mfuniko wa rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, hita imefunguliwa, mpaka mapovu yakaisha. Kulanti iliyobaki akaniambia niifungie mbali na watoto na mbwa. Ina utamu, na ni sumu.

Wiki iliyofuata mama mdogo alikuwa tena kando yangu. Nilielekeza hewa kwenye kioo na kusogeza kile kishikio kivute hewa ya nje, kwa sababu ukizungusha ya ndani unarudishia kioo pumzi zenu wenyewe. Kabla ya ile kona ya baiskeli ya ndizi, kioo kilikuwa kimekauka pembe hadi pembe. Tulipofika Mnanila alikuwa ameshavua sweta na kumfunikia binti yake aliyelala.

Mipira miwili ya hita bado ni ile ya zamani. Ukiibinya inabonyea laini karibu na klipu, na sitaki ipasuke mlimani alfajiri. Mipya nimeshainunua, na Jumamosi nashuka nayo Ujiji.