RAM ya 3200 iliyokuwa ikikimbia kwa 2133

Kompyuta mpya ya gemu, kadi ya picha ya maana, lakini mchezo ulikwamakwama kila nikigeuza kamera. Siku mbili nzima nililaumu kadi, nikafuta draiva (programu inayoiendesha) na kuisakinisha upya, wapi! Kumbe kosa ni la mikono yangu: vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nilivichomeka nafasi ya 1 na ya 2, vikabanana kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya data kwenda prosesa, badala ya kugawana mbili. Nikazima umeme, nikavihamishia ya 2 na ya 4 kuanzia upande wa prosesa, nikakandamiza mpaka klipu zikalia "ta!" Kisha nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kuwasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kwa kasi iliyotangazwa, maana bila hiyo RAM yangu ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 ilikimbia kwa 2133 tu. Skrini ikakaa nyeusi, roho mkononi. Ikawaka. Kukwama kwisha.