Geji ya dijitali kwa lori ya zamani

Wenye lori za Isuzu FSR na Fuso za kitambo, zile za pampu ya dizeli ya mekanika hazina kompyuta, jameni wekeni geji ya joto la egzosi. Yangu fundi hapa Nakuru alitoa manifoldi (bomba la kukusanya moshi wa injini) kwanza ndio atoboe, vumbi ya chuma isiingie kwa tabo (ile feni ya kusukuma hewa kwa injini), akafunga sensa ya joto, waya zake zinaingia kwa kisanduku kinachoandika joto kila sekunde kwa memori kadi.

Sasa nikipanda Salgaa kuelekea Mau Summit na mzigo naona namba inaenda tu, digrii 580, 620, 680 za Selsiasi, na sindano ya joto la maji kwa dashibodi imetulia katikati kama hakuna kitu! Narudisha gea moja, raundi zinapanda, hewa inaingia ya kutosha na joto linashuka hapohapo. Huko Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, hewa nyepesi, ukikanyaga vilevile egzosi inachemka zaidi, na ukikaa juu ya 700 muda mrefu pistoni zako ziko hatarini.

Jioni nafungua kadi kwa laptopu, kila kilima kiko kwa grafu. Imenifurahisha sana.

Bado sensa ya presha ya tabo, mwenye anauza Kisumu ama Eldoret aniambie bei.